Nionyeshe Ulichokitupa

Ukutani, juu ya meza yangu ya kazi, nimebandika karatasi mbili bega kwa bega, na ya tatu chini yake ambayo nitaifikia baadaye. Hizo mbili za juu zinaonyesha usiku mmoja, anga moja, rada moja. Ya kushoto imetulia kabisa: samawati tupu, na mstari mmoja unaopanda kidogo baada ya jua kuzama kisha unashuka taratibu kuelekea usiku wa manane. Ya kulia inafuka. Mnamo saa moja na dakika kumi usiku, uzi mwembamba mwekundu unajitokeza karibu na kilomita 300 kutoka ardhini. Unapanda, unanenepa, unapasuka. Mgongoni mwake kinachomoza kitu kama moshi wa kuni mbichi, kimepinda kana kwamba kinasukumwa na upepo, kinakwea kilomita 600, 800, mpaka kinatoka nje ya ukingo wa picha. Kinafuata cha pili, halafu cha tatu, kifupi.

Zote mbili nilizichora mimi, kutoka kwenye data ileile. Kati ya ya kwanza na ya pili zilipita wiki tatu, na wiki hizo ndizo zilizonifundisha kazi yangu.

Ninasoma angahewa ya juu. Nikisema hivyo, wengi huniuliza kuhusu mvua. Mvua iko chini sana. Mawingu marefu kuliko yote ya ukanda wa joto hufika kilomita 15 hadi 18 hivi, basi. Kazi yangu inaanzia karibu na kilomita 90 na kwenda juu, mahali ambapo hewa ni haba mno lakini bado ni hewa: ina pepo zake, ina joto lake, ina mawimbi yake. Huko mionzi ya jua ya urujuanimno na ya eksirei huzigonga atomi na kuzing'oa elektroni, na kila elektroni inayong'oka huacha nyuma ayoni yenye chaji chanya. Mchanganyiko huo ndio ayonosfia. Mchana jua linang'oa, usiku zinarudiana.

Kurudiana kwenyewe hakuendi kwa kasi moja. Chini, kwenye kilomita 60 hadi 90, chembe zimesongamana, kwa hiyo elektroni hupata pa kushika mara tu jua linapozama. Juu, kwenye kilomita 300, chembe ziko mbalimbali kiasi kwamba nyingi hukesha mpaka alfajiri bila kukutana na mwenzi. Ndiyo maana redio ya masafa ya kati, ambayo mchana haivuki mbali, usiku hukuletea sauti kutoka nchi za watu: lile tabaka la chini linalomeza mawimbi limeondoka, na la juu linaloyarudisha bado lipo. Aliyewahi kuzungusha kitufe cha redio usiku ameshaipima ayonosfia kwa sikio.

Watu waliigundua hivyohivyo, kwa redio. Tarehe 12 Desemba 1901 mvumbuzi Marconi alipokea Newfoundland, Amerika ya Kaskazini, ishara iliyorushwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, wakati mwale wa redio ulitakiwa uende moja kwa moja na kupotelea angani huku dunia ikijipinda chini yake. Mwaka uliofuata Kennelly na Heaviside, kila mmoja kivyake, wakasema lazima kuna tabaka huko juu linalopitisha umeme. Mwaka 1924 Appleton na Barnett wakalipima urefu wake, na mwaka 1925 Breit na Tuve wakarusha mapigo mafupi ya redio wima na kusubiri mwangwi. Tangu hapo tuna chombo cha kupima ayonosfia kutoka chini. Kina kasoro moja: kinaona mpaka pale elektroni zilipojaa zaidi, si zaidi ya hapo. Wimbi likishavuka kilele hicho limekwenda, halirudi. Nusu ya juu ya ayonosfia, ambayo ni kubwa kuliko ya chini, ilibaki nyuma ya pazia.

Aliyeona njia ya kulivuka pazia hilo ni William Gordon wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1958. Elektroni moja ikipigwa na wimbi la redio hutikisika, na katika kutikisika hurusha wimbi lake dogo pande zote. Udogo wenyewe hausemeki. Lakini kwenye mita moja ya ujazo, saa sita mchana, karibu na kilomita 300, kuna elektroni kiasi cha trilioni moja. Ukizijumlisha zote zilizo ndani ya mwale wa rada kwenye urefu huo, unapata shabaha ndogo kuliko sarafu. Sarafu iliyoko kilomita 300 juu ya kichwa chako. Gordon alipiga hesabu akaona inawezekana, mradi antena iwe kubwa kupita kiasi, na kutokana na hesabu hiyo likazaliwa dishi la Arecibo, Puerto Rico, lenye upana wa mita 305, lililofunguliwa Novemba 1963.

Jambo linalonivutia zaidi katika habari hii ni kwamba hesabu ilikuwa na tobo, na tobo hilo lilionekana mapema. Gordon alidhani kila elektroni inajiendea. Kwenye joto la huko juu, elektroni hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde, wala hazikimbii upande mmoja, kwa hiyo mwangwi ulipaswa kurudi umetapakaa juu ya masafa mapana sana, kama unga uliopeperushwa. Oktoba mwaka huohuo wa 1958, Kenneth Bowles alielekeza juu rada iliyokuwapo Long Branch, Illinois, akaupata mwangwi. Ulikuwa mwembamba. Mwembamba mara mia na zaidi kuliko ulivyotarajiwa, kana kwamba zinazorudisha wimbi si elektroni nyepesi bali ni kitu kizito kinachokwenda polepole.

Kumbe elektroni haziko huru. Zinazungukwa na ayoni, na ayoni ya oksijeni ina uzito unaozidi wa elektroni takriban mara 29,000. Fikiria watoto wanaomzunguka mama yao njiani: wanakimbia mbele, wanarudi nyuma, wanazunguka, lakini kundi zima linakwenda mwendo wa mama. Rada inaona watoto, ila mwendo inaousoma ni wa mama. Na kwa kuwa mwangwi umekusanyika mahali pembamba badala ya kutapakaa, una nguvu zaidi kwenye kila sehemu yake, kwa hiyo dishi dogo kuliko lile lingetosha kabisa kwa kazi ya ayonosfia. Dishi la mita 305 likabaki na uwezo wa ziada. Ndani yake wanaastronomia walipata mengi, ukiwemo mfumo wa pulsa, yaani nyota inayozunguka na kurusha mapigo ya redio, na nyota mwenzake, uliogunduliwa mwaka 1974 na kuwapatia Hulse na Taylor tuzo ya Nobel.

Naomba tukae hapa kidogo kwenye umbo la mwangwi huo, maana ndilo ninalolitazama kutwa. Ukiuchora, masafa kwenye mstari wa chini na nguvu kwenye mstari wa wima, unapata mchoro wenye nundu mbili na bonde katikati. Ukubwa wa mchoro mzima unakwambia elektroni ni ngapi. Upana wake unakwambia ayoni zina joto gani. Kina cha bonde kinakwambia elektroni zina joto kiasi gani kuliko ayoni. Na mchoro wote ukisogea kushoto au kulia hata kidogo tu, ujue hewa ile yenye chaji inapanda au inashuka, na kwa kasi gani. Mambo manne katika mkunjo mmoja, kutoka mahali ambapo hakuna chombo kilichotumwa. Nimeutazama mara nyingi mno, na bado kila unapojitokeza kwenye skrini nasogeza kiti karibu.

Unajitokeza kwa shida. Sehemu kubwa ya kinachopokelewa ni kelele tu, na kelele zenyewe zinatoka mbali: kwenye rada ya Jicamarca, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota za galaksi yetu, ikipita juu ya antena, kelele zinapanda. Unajumlisha mapigo maelfu kwa maelfu mpaka zile kelele zijifute zenyewe na nundu mbili zibaki.

Jicamarca iko kwenye bonde kavu nje kidogo ya Lima, Peru, chini ya Taasisi ya Jiofizikia ya Peru. Haina dishi. Ni uwanja wa mraba, mita 290 hivi kila upande, uliopandwa vijiti vya antena 18,432 vinavyotazama juu kwa pamoja. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mahali pake palichaguliwa kwa sababu moja kubwa: ikweta ya sumaku inapita hapo juu. Ikweta ya sumaku si ile ya ramani. Huzunguka dunia ikipindapinda, ikipita Peru, Ethiopia, kusini mwa India, na juu yake uga wa sumaku wa dunia hulala mlalo, sambamba na ardhi.

Kulala huko kunabadilisha kila kitu. Mchana, pepo za kwenye kilomita 100 hivi huzalisha umeme unaoelekea mashariki, na umeme huo, ukikutana na sumaku iliyolala, unainua plazma, yaani ule mchanganyiko wa elektroni na ayoni, kwenda juu kwa mita kama 20 kwa sekunde. Ikishapanda, plazma huteleza kufuata mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, na kutua digrii kama 15 kila upande. Kwa hiyo elektroni nyingi zaidi hazipo pale jua linapowaka zaidi, bali kwenye mikanda miwili ya pembeni. Ni kama chemchemi inayorusha maji katikati na kujaza mabeseni mawili.

Jua linapozama, chemchemi haizimiki kimyakimya. Kwa muda wa saa moja hivi msukumo wa kwenda juu unaongezeka, mara nyingi zaidi ya maradufu, kabla ya kugeuka. Tabaka lote linanyanyuliwa. Wakati huohuo sehemu yake ya chini, iliyokosa jua, inafifia haraka. Unabaki na plazma nzito juu na karibu utupu chini. Mtu akiweza kufunika mafuta kwa maji bila kuyatikisa, mambo yatakaa hivyo kwa sekunde moja. Kisha mafuta yatapata upenyo. Ayonosfia nayo hupata upenyo. Kiputo cha plazma haba kinapasua tabaka kutoka chini na kupanda, na kingo zake zinachanikachanika mpaka kwenye vipande vya mita chache. Mawimbi ya Jicamarca yana urefu wa mita 6, na yanarudishwa kwa nguvu na vipande vya mita 3. Moshi ule kwenye karatasi yangu ya kulia ni kingo hizo. Ronald Woodman na César La Hoz walitoa picha za namna hiyo mwaka 1976, na wakaeleza kuwa ni viputo vinavyopanda, ingawa dalili za kuchafuka kwa tabaka la usiku zilikuwa zimeripotiwa Huancayo, Peru, na Booker na Wells tangu mwaka 1938.

Ishara ya GPS ikipita kwenye kiputo inamemeteka kama nyota. Kifaa kinaweza kuipoteza kabisa kwa muda. Na hata pasipo kiputo, ayonosfia ya kawaida ya mchana karibu na ikweta inaweza kukosesha umbali kwa mita 10 na zaidi kama hakuna masahihisho. Masahihisho hayo yanafanywa kwa modeli, yaani hesabu zinazokadiria hali ya ayonosfia. Simu inayotegemea masafa mamoja ya GPS hutumia modeli ya Klobuchar, yenye namba nane tu zinazotumwa na setilaiti zenyewe, na inakusudiwa kuondoa kama nusu ya kosa. Kwa hiyo watu wengi wanatembea na ayonosfia ya kukadiriwa mfukoni.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya kushoto. Mficha uchi hazai, nitasema yote.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kulinganisha kasi ya wima ya plazma, iliyopimwa na rada, na kasi iliyotolewa na modeli, kwa msimu mmoja. Mchana mambo yalikwenda vizuri. Lakini kila nilipofika baada ya saa moja usiku data zilivurugika. Hapa kasi ya mita 30, nukta ya pili yake 400, inayofuata 250 kwenda chini. Programu inayosoma zile nundu mbili ilikuwa inashindwa, kwa sababu mwangwi haukuwa na nundu tena: ulikuwa mlingoti mmoja mkali, wenye nguvu mara maelfu kuliko wa kawaida. Nikaandika mistari michache ya kompyuta. Nukta yoyote inayoachana mno na kile kinachotarajiwa, iondolewe. Nikaiendesha. Ukungu ukafutika. Mstari wa rada na mstari wa modeli ukapanda pamoja, ukashuka pamoja. Nikachora picha nzuri, nikaipeleka kwa Mwalimu.

Mwalimu wangu ni mama mwenye umri mkubwa, hana haraka. Alivaa miwani, akaiangalia picha muda mrefu.

"Usiku huu ni wa mwezi gani?"

"Novemba, Mwalimu."

"Novemba, karibu na ikweta ya sumaku, jua likiwa na nguvu. Na hakuna kitu?"

"Data zilikuwa na kelele, Mwalimu. Nimezisafisha."

"Kelele za nani?"

Sikuwa na jibu. Akavuta kiti cha pembeni, akakigonga kwa kiganja nikae. "Hebu nionyeshe ulichokitupa."

Sikuwa nimekihifadhi. Hilo ndilo lililomuumiza, niliona usoni. Hakunigombeza, alinyamaza tu, kisha akasema nirudi kwenye faili za mwanzo kabisa, zile za mapigo yenyewe kabla hayajawa namba, na nichore nguvu ya kila kitu kilichorudi bila kuchagua. Ilinichukua wiki tatu kujifunza kuzisoma. Nilipomaliza kuchora usiku wa kwanza, ule moshi ulipanda kwenye skrini, safu kwa safu, na nikajua nilichokuwa nimefanya. Kila mahali anga ilipokataa kufanana na modeli nilikuwa nimeifuta anga. Modeli na rada zilikubaliana kwa sababu nilikuwa nimeamuru zikubaliane.

Ningeweza kuishia hapo kwa kuilaumu modeli, na wapo wanaofanya hivyo. Ni kosa. Rada kubwa za namna hii duniani ni chache mno, unaweza kuzihesabu kwa vidole: Jicamarca, Millstone Hill kule Massachusetts, zile za EISCAT kaskazini mwa Skandinavia na Svalbard, Poker Flat huko Alaska, na nyingine chache. Kila moja inaona uzi mmoja wa anga, na nyingi haziwashwi kila siku. Sehemu iliyobaki ya dunia hatuioni kwa rada kamwe. Bila modeli tungekuwa na vijitundu tu kwenye ukuta wa giza.

Ila lazima ujue modeli yako imetengenezwa kwa nini. Ile ya rejea ya kimataifa inayoitwa IRI, inayosimamiwa na mashirika ya kimataifa ya sayansi COSPAR na URSI tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, imefumwa kutoka kwenye vipimo vya miaka mingi na inatoa wastani wa mwezi. Ukiiuliza usiku fulani utakuwaje, itakwambia usiku wa mwezi huo kwa kawaida huwaje. Ni jibu zuri la swali jingine. Nyingine, kama TIE-GCM ya NCAR, kituo cha utafiti wa angahewa huko Boulder, Marekani, haikariri vipimo. Inakokotoa fizikia yenyewe, upepo, joto, kemia na umeme, kwa dunia nzima. Lakini inaigawa dunia kwa vipande, na kwa muda mrefu kipande chake cha kawaida kilikuwa digrii 5 kila upande, yaani karibu kilomita 550 pale ikweta. Upana wa kiputo, kutoka mashariki hadi magharibi, unaingia ndani ya kipande kimoja na nafasi inabaki. Modeli ile haikuwa imekosea kutoonyesha kiputo. Haikuwa na mahali pa kukiweka. Aliyekosea ni mimi niliyeipa kazi ya kuamua kipi ni kweli.

Na inapopewa kazi yake hasa, modeli hufanya jambo ambalo rada haiwezi. Naweza kuzima upepo ndani yake. Naweza kuondoa dhoruba ya jua, nikaiacha nyingine yote ilivyo, nikaona nini kinabaki. Januari 2009 jua lilikuwa kimya kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi, wala hapakuwa na dhoruba kubwa ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia unaoletwa na jua. Hata hivyo ayonosfia juu ya Peru ilibadilika sana kwa siku kadhaa mfululizo: asubuhi plazma ilipanda kwa nguvu isiyo ya kawaida, alasiri ikashuka wakati ilipaswa bado kupanda. Watafiti Larisa Goncharenko, Jorge Chau na wenzao waliipata sababu mahali ambapo wachache wangetazama. Juu ya Ncha ya Kaskazini, kwenye stratosfia, kilomita kama 30 tu kutoka ardhini, hewa ilikuwa imepata joto la ghafla, makumi ya nyuzi ndani ya siku chache. Joto lile lilivuruga mawimbi makubwa ya angahewa, yakiwemo yale ya kujaa na kupwa kwa hewa yanayofuata mwezi, na mawimbi hayo yakapanda na kubadilisha umeme wa ikweta. Rada iliona tokeo. Modeli zilizounganisha ardhi na anga ya juu ndizo zilizoruhusu watu kuufuata mnyororo pete kwa pete, kutoka theluji ya kaskazini mpaka jangwa la Peru. Mpaka hapo wengi wetu tulikuwa tunatafuta sababu juu, kwa jua.

Mfano ninaoupenda zaidi uko chini kidogo, kwenye kilomita 150. Kila mchana Jicamarca hupata mwangwi mkali kutoka huko, uliopangika kama mkufu: asubuhi uko juu, unashuka kuelekea saa sita, kisha unapanda tena alasiri. Ben Balsley aliuripoti mwaka 1964. Kwa nadharia zilizokuwapo, haukupaswa kuwepo; pale kilomita 150 hakuna kinachojulikana cha kuichafua plazma kiasi hicho. Kwa zaidi ya miaka 50 ulibaki bila maelezo, na baadaye watu wakaanza hata kuutumia kupimia kasi ya plazma bila kujua ni nini hasa. Nafikiria mara ngapi mtu fulani, mahali fulani, alikaribia kuufuta kwa kuwa hauna maelezo. Hawakuufuta. Waliuhifadhi, wakauchora tena na tena, mpaka mwaka 2016 Meers Oppenheim na Yakov Dimant wa Chuo Kikuu cha Boston walipojenga kwenye kompyuta kuu mwigo unaofuata chembe mojamoja, na ndani yake wakaweka elektroni za kasi zinazong'olewa na jua mchana. Elektroni hizo zilichokoza mawimbi kwenye plazma, na mawimbi yakaongeza mwangwi. Bado kuna mambo ya kumalizia, kama vile mapengo yaliyo katikati ya mkufu, lakini mlango ulifunguka, na ufunguo ulitoka kwenye modeli.

Haya si mambo ya watu wa vyuoni tu. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, za kusambaza intaneti, na kuziweka kwanza kwenye kilomita 210 hivi. Ikaja dhoruba ya sumaku, na si kubwa. Hewa ya juu ilipata joto, ikatanuka, ikawa nzito zaidi pale zilipokuwa, na takriban 40 kati yake zikaanguka na kuungua. Wastani ulisema ni salama.

Na vyombo vyenyewe haviishi milele. Asubuhi ya tarehe 1 Desemba 2020 jukwaa la tani 900 lililoning'inia juu ya dishi la Arecibo lilianguka na kulipasua. Siku ile nilikuwa nimefungua data zake kwa kazi isiyohusiana kabisa. Niliendelea kuzitazama muda mrefu bila kufanya chochote. Miaka 57 ya anga moja, na hakutakuwa na usiku mwingine wa kuongeza.

Programu yangu sasa ina faili la pili. Bado inaondoa nukta zisizoeleweka, maana bila hivyo huwezi kupima kasi ya kawaida, lakini kila inachokiondoa inakiandika pembeni: saa, urefu, nguvu, na sababu ya kukiondoa. Kila asubuhi hilo ndilo faili ninalolifungua kwanza. Vingi navitambua mara moja. Alama fupi kwenye kilomita 95 ni vimondo. Mstari mkali unaokatiza kwa sekunde chache ni setilaiti iliyopita kwenye mwale. Viputo vya saa mbili usiku nimevizoea kama majirani.

Karatasi ya tatu, ile ya chini, inatoka humo. Ni ya mwezi Juni, msimu ambao juu ya Peru viputo vya jioni ni nadra, na jioni ile kweli hapakuwa na kitu. Saa nane na robo usiku, muda ambao tabaka linapaswa kuwa linashuka na kulala, unajitokeza uzi kwenye kilomita 250. Unakaa dakika 20 bila kusogea. Kisha, katikati yake, unaanza kupanda.